Safari ya pikipiki jangwani: petroli, upepo wa tairi na mwenzenu wa nyuma

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba wewe na marafiki watatu mnakusudia kukata jangwa kwa pikipiki kwa siku nne, na unauliza kama tangi la lita 12 litatosha kwa kilomita 200 kati ya kituo kimoja na kingine. Kwenye lami lingetosha. Kwenye mchanga laini, ambako injini huvuta kwa gia ndogo huku tairi la nyuma likizunguka bila kusonga, matumizi hupanda sana, hivyo kila mmoja abebe dumu la akiba.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mchanga wenyewe. Punguzeni upepo wa tairi hadi karibu psi 15, simameni juu ya vikanyagio na uzito uelekee nyuma. Usukani ukianza kuyumba mkononi, silika itakuhimiza ufunge mafuta, na hapo ndipo utakapoanguka, kwa sababu uzito hurudi mbele na gurudumu la mbele huzama. (Pampu isisahaulike: mkifika kwenye mawe bila kurudisha upepo, rimu zitapinda.)

Ondokeni alfajiri, kwani jua la mchana hufuta vivuli na ukingo wa tuta la mchanga hauonekani mpaka umeshaufikia. Maji yasipungue lita 5 kwa mtu kwa siku. Kichujio cha hewa kisafishwe kila jioni.

Mwisho, asiwepo wa kukata kona kabla hajamwona aliye nyuma yake.