Barua kwa mwanangu: kuhusu zile herufi nne

Uyole, Mbeya, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ugonile. Baridi ya Juni imeshika, mama yako anaota moto jikoni na mimi naandika kando yake, kwa hiyo ukiona jivu kwenye karatasi usishangae.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema umoja wenu wa maafisa utumishi hapo Njombe sasa unakutana Jumamosi moja kila mwezi kujifunza aina za haiba, kwamba umejaza dodoso la Myers-Briggs mara mbili, Machi ukatoka INFJ, Mei ukatoka ISFJ, na unaniuliza ipi ndiyo ya kweli, kwa kuwa nilifundisha ushauri nasaha chuoni na ndiye niliyekulea.

Nitakujibu. Ila mimi ningeanza na swali jingine: nani amekutajia hizo herufi, na alikutajia kabla au baada ya wewe kujisemea? Nimelisema miaka yote, mama yako amechoka kulisikia: aina ni ya mwenyewe kuitaja.

Tuitazame hiyo herufi iliyohama. Dodoso lile linakulazimisha uchague, hiki au kile, na majibu yanahesabiwa kwa jozi nne. E na I: nguvu unazipata kwenye watu na shughuli, au kwenye utulivu na mawazo yako. S na N: unaamini kwanza kinachoonekana na kushikika, au unakimbilia maana iliyo nyuma yake. T na F: ukiamua, unapima kwa hoja au kwa thamani na watu watakaoguswa. J na P: unapenda jambo lifungwe mapema au libaki wazi. Kila herufi inakuja na alama ya kuonyesha umeegemea upande huo waziwazi kiasi gani. Aliye karibu na katikati akibadili jibu la swali moja au mawili, amevuka. Kaitazame alama yako ya N ya Machi. Nadhani utaikuta ndogo.

Chukua wanafunzi wa kidato cha kwanza, chora mstari ukutani kwenye sentimita 150, walio juu yake waite warefu, walio chini wafupi. Yule wa 149 na yule wa 151 umewatenganisha, na huyu wa 151 umemweka bweni moja na wa 170. Watafiti wa saikolojia wanalilaumu dodoso kwa hilo, na wana haki. Alama za watu hujazana katikati, hazijigawi makundi mawili, na wengi wakirudia baada ya wiki chache hutoka na angalau herufi moja tofauti, kama wewe. Tena ukimsikiliza Carl Jung, yule daktari wa akili wa Uswisi ambaye dodoso limejengwa juu ya mawazo yake, na waliomfuata, herufi hiyo moja si ndogo. INFJ anaongozwa na maono ya ndani, ISFJ anaongozwa na kumbukumbu ya aliyoyaona na kuyapitia, na wote wawili husaidiwa na kule kujali watu. Maswali mawili yamebadilika, injini nzima imebadilishwa! Fundi gari akikuambia hivyo humwachii ufunguo.

Kwa hiyo ni upuuzi? Siwezi kusema hivyo pia, maana nimeona watu waliofanya kazi ofisi moja miaka kumi wakaelewana kwa mara ya kwanza kwa ajili ya hizo jozi nne. Chombo ni dhaifu na mazungumzo ni mazuri. Yote mawili nayaamini, na usiku mwingine yananigombanisha na nafsi yangu.

Unajua lilianzaje? Jung alitoa kitabu chake cha aina za watu mwaka 1921, kwa Kijerumani. Marekani kulikuwa na mama mmoja, Katharine Briggs, ambaye tayari alikuwa anaumiza kichwa kwa sababu ya mchumba wa bintiye, kijana asiyefanana na mtu yeyote nyumbani kwao. Kitabu kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1923 akaacha mgawanyo wake mwenyewe, akaushika wa Jung. Binti, Isabel Myers, ndiye aliyeketi kuandika maswali wakati wa Vita Kuu ya Pili, na dodoso likachapishwa na shirika la mitihani mwaka 1962. Mama na binti, hakuna aliyesomea saikolojia. Shangazi yako nilipomsimulia alicheka, akasema Wanyakyusa tungeokoa karatasi nyingi, maana kwetu zamani mke wa mtoto hakutazamana na baba mkwe.

Alitania, lakini hapo ndipo dodoso linapokwama huku kwetu. Mwulize binti aliyeolewa juzi kama huanzisha maongezi mbele ya wageni: unapima adabu na umri wake, si haiba. Bibi yako mbele ya wakwe alikuwa kimya kama chungu, na Mwanjelwa sokoni sauti yake ilisikika toka upande wa pili wa barabara. Utamwandikia I au E?

Jingine ni lugha, na hili lipeleke kwenye umoja wenu Jumamosi ijayo. Tafsiri nyingi husema S ni hisi na F ni hisia. Tofauti ya irabu moja! Nusu ya chumba inajibu swali la S ikidhani inaulizwa kuhusu huruma. Semeni milango ya fahamu kwa S, na kwa F semeni kujali thamani na watu, la sivyo wanaume wote wataikimbia F wakidhani maana yake ni kulialia. Wala msitafsiri I kuwa mpole. Upole kwetu ni sifa, kila mtu ataitaka. (Na yule mwenzenu anayechanganya mambo haya na zile tabia za sangwini na koleriki za semina za ndoa, mweleze taratibu kwamba hizo ni za Wagiriki wa kale na vimiminika vyao vinne vya mwili. Ni ukoo mwingine.)

Kuhusu kikao chenyewe. Watu 12 hadi 16 wanatosha. Mkuu wa idara asikae na walio chini yake, maana watajibu kwa cheo. Dodoso lijazwe nyumbani, si wiki ya mishahara, na mwambieni kila mtu ajibu kama alivyo akiwa amevua viatu na hakuna anayemtazama. Kabla ya kugawa matokeo kila mmoja aandike makadirio yake mwenyewe. Kisha mazoezi. Kwa S na N weka parachichi moja mezani, dakika 5, kila mtu aandike anachotaka kulihusu. Wengine wataandika kijani, zito, doa karibu na kikonyo, siku mbili litaiva. Wengine watakuwa wameshafika kwenye bei ya soko la nje na shamba la babu Rungwe. Kwa J na P wapangieni safari ya Matema kwa makundi mawili: moja litakuwa na saa ya kuondoka na hesabu ya mafuta, jingine litakuwa bado linabishana kama ni lazima iwe Matema. Baada ya hapo ndipo mtu apewe matokeo, asome maelezo ya aina yake na ya jirani yake, achague mwenyewe, au aache alama ya kuuliza kwa mwezi mzima.

Na kabla ya yote wafanyieni jaribio la Forer, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1948 aliwapa wanafunzi 39 maelezo ya haiba, kila mmoja akidhani ni yake peke yake, kumbe yote yalikuwa yaleyale. Walipoulizwa yanawafaa kiasi gani, wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Atakayecheka mwenyewe baada ya jaribio hilo yuko tayari kujifunza. Kuajiri kwa herufi hizi, usithubutu. Hata wenye dodoso wanakataza.

Unajua kwa nini nakazania. Ukumbi ule wa Tukuyu, nafundisha aina hizi, mvua inapiga bati, kamba ya katani imelazwa sakafuni, E huku na I kule. Kaka yako alikuja kunisaidia kubeba viti, wenzangu wakamwita naye ajipange. Alikuwa amenyanyua mguu. Nikamwambia mbele ya watu, "Wewe ni I, nakujua, pita huku." Watu wakacheka, akapita. Kwenye Kosta ya kurudi hakusema neno mpaka tumepita Kiwira, ndipo akasema, "Baba, nilikuwa naenda upande ule mwingine."

Nimefundisha mamia ya watu kwamba aina ni ya mwenyewe kuitaja, na mwanangu wa kwanza nilimtajia mimi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba bado nadhani ni I. Mama yako anasema angekuwa I asingeshangilia vile kwenye harusi ya binamu yenu. Nami namjibu kwamba kesho yake alilala mpaka saa nane. Tunabishana hivyo, mwenyewe hayupo.

Sasa wewe, N au S. Jibu ninalo, tangu ukiwa darasa la tatu na lile daftari lako la mvua. Kalamu imesimama hapa kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Sitaandika. Ukija Desemba nitaweka parachichi mezani, dakika 5, karatasi na kalamu, na mimi nitakuwa nje nakata kuni. Jibu langu nimelikunja nikampa mama yako alitunze, na amekataa kuniahidi kwamba hatalisoma.

Baba yako