Iweke chini hiyo sanamaki kabla hujaanza

Wewe uliyeandika una siku mbili hujapata choo na umeshauriwa unywe sanamaki, yale majani ya dawa ya kuendesha, kila usiku "kusafisha utumbo", iweke chini kwanza hiyo sanamaki. Siku mbili siyo ugonjwa! Kuna mtu mzima anaenda mara tatu kwa siku na mwingine mara tatu kwa wiki na wote wako salama.

Mimi nilianza hivyohivyo. Nakunywa usiku, asubuhi naendesha mpaka maji matupu, naona nimepona. Kesho yake kimya, keshokutwa kimya, naingiwa na hofu nakunywa tena na kipimo naongeza. Miezi mitano. Hakuna aliyeniambia kwamba utumbo mpana ukishamwaga kila kitu unaweza kukaa siku mbili tatu hautoi chochote kwa sababu hamna cha kutoa, ndo kwanza unajaa upya. Kwa siku utumbo mpana unapokea kama lita moja na nusu ya uji mwepesi kutoka utumbo mwembamba, unaugeuzageuza taratibu huku unanyonya maji, na ni mara chache tu kwa siku unasukuma kwa nguvu. Mimi nikawa naufukuza kabla haujamaliza kazi. Mwishowe miguu ikalegea, moyo unadunda ovyo, kwenda kupima damu, potasiamu, madini yanayopotea ukiharisha sana, iko chini sana, nikalazwa, dripu juu ya dripu, hela ya ada ya mtoto ikaishia hapo. Chekeni mkitaka, habari za choo zinachekesha mpaka ziwe zako.

Na yule muuza dawa aliyeniuzia sanamaki sijamsamehe. Alinionyesha mapicha eti uchafu wa miaka umeganda utumboni kama masizi ya sufuria. Uongo! Ngozi ya ndani ya utumbo inajibandua na kuota mpya kila baada ya siku chache, hayo masizi yatakaa wapi? Alitaka nirudi kununua pakiti nyingine tu.

Sanamaki, haluli, chochote cha kuendesha, usinywe kwa sababu tu siku imepita, nakuomba. Amka, kunywa chai na ule, halafu ukakae chooni bila haraka, maana chakula kikishuka tumboni ndo utumbo mpana unaamka kusukuma. Haja ikikushika usiibane eti upo kazini, maji yanazidi kunyonywa na kesho inakuwa mawe. Ukiona damu, unakonda au tumbo limejaa na unatapika, hapo nenda hospitali. Hiyo pakiti umeshaifungua? Kama bado irudishe leoleo.