Dona nayo ni wanga: kupima chakula cha mwenye kisukari

Wengi wakishaambiwa wana kisukari huacha sembe na kuhamia dona, kisha mlima wa ugali unabaki uleule. Miezi inapita, sukari haishuki, mgonjwa anakata tamaa. Gramu 100 za unga wa sembe zina wanga wa gramu 80 hivi. Za dona, 75 hivi. Dona ni bora, kwani nyuzinyuzi zake huchelewesha mmeng'enyo, lakini faida hiyo inaliwa na matonge machache ya nyongeza.

Anza na kipimo. Nusu kikombe cha unga mkavu (mililita 125, karibu gramu 60) hutoa wanga wa gramu 45 hivi, na hapo watu wazima wengi wanaweza kuanzia kwa mlo mmoja. Pima unga kabla ya kusonga, maana ugali laini una maji mengi na mgumu una machache, jicho linadanganyika. Kama mnapika sufuria moja nyumbani, siku moja songa fungu lako peke yake, liweke kwenye sahani yako, ulione lilivyo. Kuanzia hapo utakata kiasi hicho bila mizani.

Sahani iwe ya upana wa sentimita 23 hivi. Nusu yake mchicha, matembele, sukuma wiki, bamia au kabichi. Robo ni samaki, dagaa, kuku au yai. Robo iliyobaki ni ugali, AU wali, AU ndizi, AU viazi. Kosa la kila siku ni kuhesabu viazi vya kwenye mchuzi kama mboga: huo ni wanga juu ya wanga. Maharage yana protini na wanga pia, kwa hiyo yakiwa ndiyo kitoweo, punguza ugali kidogo.

Uji wa lishe unasifiwa mno. Unga uliosagwa laini, ukapikwa majimaji na kunywewa haraka, hupandisha sukari upesi hata bila kuongezewa sukari. Asubuhi, kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha, yai na chai isiyo na sukari vinakaa vizuri zaidi. Asali si mbadala, nayo ni sukari. Kula tunda zima, juisi iache.

Mashine ya kupimia sukari ndiyo itakayokuambia kinachokufaa wewe. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza. Kwa watu wazima wengi lengo ni 4.4 hadi 7.2 mmol/L (kizio cha sukari kwenye damu) kabla ya kula, na chini ya 10 baadaye, isipokuwa daktari amekupa lengo jingine. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Tafadhali, kama unatumia insulini au glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari), usipunguze wanga kabla ya kuongea na kliniki yako. Dozi iliyopangwa kwa mlima wa ugali, ukila nusu ya ugali huo, itashusha sukari kupita kiasi na kukuangusha. Ukitetemeka, ukitoka jasho na kipimo kikasoma chini ya 3.9, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, subiri dakika 15, upime tena. Bado iko chini? Rudia. Ikishapanda, kula kitu. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali.