Mwalimu wa kigeni Korea: wikendi nzuri hupangwa Jumatano

Mwalimu anayepata kazi Korea Kusini kwa kawaida huangukia sehemu moja kati ya mbili: shule ya serikali, mara nyingi kupitia EPIK, mpango wa serikali wa walimu wa Kiingereza ulioanza mwaka 1995, au hagwon, yaani kituo binafsi cha masomo ya ziada ambako watoto huenda wakitoka shule. Ukishajua uko upande gani, umeshaijua na wikendi yako. Wa shule ya serikali huingia mnamo saa 2:30 asubuhi na kutoka saa 10:30 alasiri, hufundisha vipindi visivyozidi 22 kwa wiki bila kudai malipo ya ziada, na Ijumaa anaweza kuwa kituo cha basi kabla jua halijazama. Wa hagwon mara nyingi huanza saa 7 au 8 mchana na kumaliza saa 3 usiku, hata saa 4, muda ambao hagwon za Seoul hulazimika kufunga. Huyu asipange safari ya Ijumaa jioni, atachoka bure. Aondoke Jumamosi alfajiri, na asubuhi zake za katikati ya wiki azitumie benki, uhamiaji na hospitali, ili Jumamosi isiliwe na shughuli za makaratasi.

Kabla ya yote, neno moja kuhusu viza, kwa sababu watu wetu wanatapeliwa hapa. Viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza hutolewa kwa wenye pasipoti za Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, wenye shahada na cheti safi cha polisi. Mswahili aliyechukua uraia wa Kanada au Marekani anaweza kuiomba. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania pekee, hata kama Kiingereza chake kinang'aa, hawezi kuipata kwa mlango huo, na wakala anayemwahidi kinyume anataka pesa zake tu. Na kwenye mkataba, hesabu miezi. Sheria humpa kiinua mgongo cha takriban mshahara wa mwezi mmoja aliyefanya kazi mwaka mzima, kwa hiyo mkataba wa miezi 11 si kosa la uchapaji, ni njia ya kukwepa kukilipa.

Mwezi wa kwanza kazi yako kubwa ni kadi ya ukaazi. Sheria inakutaka ujisajili ndani ya siku 90, lakini usingoje, maana bila kadi hiyo ni vigumu kupata laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na bila laini hiyo mifumo mingi ya Korea haikutambui: kununua tiketi kwa programu, kuagiza vitu mtandaoni, kuhamisha pesa. Hapa majina yetu matatu huleta kero. Jina lililoko kwenye kadi ya ukaazi, benki na kampuni ya simu lazima lifanane herufi kwa herufi, mpangilio ule ule, nafasi kati ya maneno ile ile. Benki ikikuandika "JUMA ALI HASSAN" na simu ikakuandika "ALIHASSAN JUMA", kila uthibitisho utakataa na hakuna atakayekueleza kwa nini. Mpelekee karani kadi yenyewe, mwonyeshe, kisha soma alichoandika kabla hujaondoka dirishani.

Alfabeti ya Kikorea, hangul, ina herufi 24 za msingi: konsonanti 14 na irabu 10. Jifunze kabla ya kupanda ndege. Siku mbili tatu zinatosha kuanza kusoma pole pole. Faida yake utaiona siku ya kwanza nyumbani, ukutani, kwenye kile kidude cha boila.

Nyumba za Korea hupashwa joto kupitia sakafu, na boila hiyo hiyo ndiyo inayochemsha maji ya kuoga. Kitufe kilichoandikwa 난방, nanbang, huwasha joto la sakafu. 온수, onsu, ni maji ya moto tu, na ndicho unachotumia kuanzia Mei mpaka Septemba. 외출, oechul, ni hali ya "nimetoka". Wageni huharibikiwa Januari, baridi ya Seoul inaposhuka chini ya nyuzi 10 hasi. Mtu huzima boila Ijumaa ili kuokoa gesi, akaenda Busan, akarudi Jumapili akakuta mabomba yameganda na mwenye nyumba amenuna. Ukisafiri kipindi cha baridi acha kidude kwenye oechul, usichomoe boila kwenye umeme, na kukiwa na onyo la baridi kali acha bomba, upande wa maji ya moto, lidondoshe tone tone. Soketi ni volti 220 na plagi ni ya miguu miwili ya duara, hivyo chaja ya Nairobi au Dar yenye miguu mitatu bapa inahitaji adapta.

Taka ni somo lingine ambalo hakuna atakayekufundisha mpaka ukosee. Tangu mwaka 1995 kila kaya hulipia taka zake kwa kununua mifuko maalumu, inayouzwa supamaketi na kwenye maduka ya saa 24. Mifuko huchapishwa jina la wilaya. Ya wilaya moja kwa kawaida haipokelewi wilaya nyingine, kwa hiyo ukihama usibebe akiba kubwa. Mabaki ya chakula yana mfuko wake, au pipa linalopima uzito na kukutoza. Kipimo rahisi ni hiki: je, mnyama angeweza kula? Mifupa ya kuku, maganda ya mayai, maganda makavu ya vitunguu na kokwa ya embe huingia kwenye taka za kawaida, si za chakula. Chupa na makopo hutenganishwa na kusuuzwa. Taka hutolewa nje jioni, na mitaa mingi ya Seoul Jumamosi hazitolewi, kwa hiyo anayesafiri wikendi atoe za chakula Alhamisi au Ijumaa, la sivyo Jumapili usiku nyumba nzima inanuka.

Chakula cha mchana shuleni hutolewa kwenye sinia la chuma lenye vyumba: wali, supu, kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili), mboga, na nyama au samaki. Asiyekula nguruwe asitegemee macho, kwa sababu hujificha kwenye supu, maandazi ya mvuke na rojo ya kari. Omba orodha ya chakula ya mwezi. Kila mlo umeandikwa namba ndogo za vitu vinavyoleta mzio, na namba hizo ni zile zile kwenye orodha za shule zote: 1 ni mayai, 2 maziwa, 4 karanga, 9 kamba, 10 nguruwe, 15 kuku, 16 ng'ombe. Penye 10, chukua wali na mboga, au beba chakula chako. Vivyo hivyo kwenye karamu za walimu, hoesik: kama hunywi pombe, sema siku ile ya kwanza, jaza glasi yako soda, na mmiminie mkubwa wako kwa mikono miwili. Utaheshimiwa. Anayekubali mara moja kwa aibu ndiye atakayesumbuliwa mwaka mzima.

Sasa safari. Simu yako iwe na Naver Map au KakaoMap, maana Google Maps kwa miaka mingi imekuwa dhaifu sana Korea katika kuelekeza njia ya miguu na ya gari. Nunua T-money, kadi ya nauli ya basi na treni, duka la saa 24 na uijaze kwa noti. Ukishuka basi gusa kadi tena. Wengi husahau, na wanalipa mara mbili bila kujua: ukigusa wakati wa kushuka una dakika 30 za kuingia basi jingine au treni ya chini ya ardhi bila kuanza nauli upya, na kati ya saa 3 usiku na saa 1 asubuhi muda huo ni saa nzima. Treni hizo husimama karibu saa 6 usiku, kwa hiyo jua mapema utarudije.

Tiketi za treni ya mwendokasi, KTX, hufunguliwa mwezi mmoja kabla. Seoul mpaka Busan ni kama saa mbili na nusu, kwa karibu won 60,000. Za Ijumaa jioni na Jumapili jioni huisha mapema, ndiyo maana nasema wikendi ipangwe Jumatano, na kwa mwisho wa Oktoba hata Jumatano ya wiki mbili kabla. Viti vikiisha, usikate tamaa: kuna tiketi za kusimama, kuna Mugunghwa, treni ya polepole yenye bei nafuu, na kuna mabasi. Kituoni hakuna geti la kukagua tiketi ya KTX. Kondakta ana ramani ya viti, na ukikaa kisicho chako atakujia moja kwa moja.

Mabasi ndiyo rafiki wa mwalimu. Ya kwenda Sokcho, pwani ya mashariki chini ya mlima Seorak, huondoka Kituo Kikuu cha Mabasi kule Gangnam na pia Dong Seoul, karibu na stesheni ya Gangbyeon, na huchukua kama saa mbili na nusu pasipo foleni. Safari ndefu husimama mahali pa kupumzika kwa dakika 15 hivi. Kabla hujaenda kununua viazi vya kukaanga, piga picha namba ya basi lako. Pale huegeshwa mabasi kumi yanayofanana, na dereva hangoji.

Kutoka mjini Sokcho, basi namba 7 au 7-1 hukufikisha lango la hifadhi ya Seoraksan. Kiingilio hakuna. Kwa mtu asiye na mazoezi makubwa, Ulsanbawi ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote: karibu kilomita 4 kwenda, sehemu ya kwanza nyepesi kupita hekalu la Sinheungsa mpaka jiwe la Heundeulbawi, halafu ngazi za chuma zinazopanda ubavu wa mwamba hadi bahari inaonekana. Tenga saa nne kwenda na kurudi. Beba lita mbili za maji, gimbap mbili (wali uliofungwa kwa mwani), glavu na koti la upepo hata kama chini kuna joto. Kilele cha juu, Daecheongbong, kina mita 1,708 na si cha kufanyia majaribio. Huko huanza alfajiri, au hulala kibanda cha mlimani kwa nafasi iliyowekwa mapema. Majani yanapogeuka rangi katikati na mwisho wa Oktoba, barabara ya kuingia hifadhini huziba kabisa, na aliyefika langoni saa 1 asubuhi ndiye anayepanda kwa raha. Kuanzia Novemba na tena Februari mpaka Mei kuna vipindi vya tahadhari ya moto ambapo njia nyingi hufungwa. Tazama tovuti ya hifadhi kabla ya kulipa nauli.

Asiye na siku mbili aende Bukhansan, ndani ya Seoul kwenyewe. Panda treni ya laini namba 3 hadi Gupabal, kisha basi 704 hadi Bukhansanseong. Kilele cha Baegundae kina mita zaidi kidogo ya 830, na mwishoni unapanda jiwe tupu ukishika nyaya za chuma. Mvua ikinyesha jiwe hilo huteleza vibaya. Geuza, urudi siku nyingine. Wakati wa barafu huwezi kwenda bila njumu za kufunga kwenye viatu, ambazo Wakorea huziita aijen na huuzwa bei ndogo maduka ya vifaa vya mlimani.

Miguu ikiuma, kuna jjimjilbang, nyumba za joto. Vua viatu, viweke kwenye kabati dogo, lipa, pewa ufunguo wa mkononi na nguo za kuvaa. Wanaume kwao, wanawake kwao, na kwenye mabwawa watu huwa uchi kabisa. Oga kwa sabuni ukiwa umeketi kabla ya kuingia majini, na taulo isiguse maji. Kwa Mwislamu, au yeyote asiyetaka kuvua mbele za watu, ukweli ni kwamba chumba cha kubadilishia hakikwepeki, ila mabwawa unaweza kuyaruka ukaenda moja kwa moja ukumbi wa pamoja, ambako wote wamevaa. Zamani ilikuwa malazi ya bei nafuu ya usiku; siku hizi nyingi hufunga usiku, kwa hiyo piga simu kwanza.

Kwa hamu ya nyumbani, pandisha kilima cha Itaewon hadi Msikiti Mkuu wa Seoul, uliofunguliwa mwaka 1976. Maduka yanayouzunguka yana nyama ya halali, dengu, maharage, basmati na viungo vya pilau, na mtaa huo una wasusi wanaojua nywele zetu. Ukipiga simu Jumapili kumbuka Korea iko mbele kwa saa 6: saa 3 usiku kwako ni saa 9 alasiri Mombasa.

Siku za Seollal, mwaka mpya wa kijadi, na Chuseok, sikukuu ya mavuno, Korea nzima husafiri kwenda kwa wazee. Tiketi za treni huuzwa kwa tarehe maalumu na kuisha papo hapo, na barabara kuu husimama. Baki Seoul. Migahawa midogo itakuwa imefungwa, nunua chakula siku mbili kabla, kisha tembelea majumba ya kifalme, ambayo kwa kawaida siku hizo huingiwa bure. Ukikwama popote, 1330 ni simu ya wasafiri ya saa 24, 1345 ni ya uhamiaji, 119 ni ya zimamoto na ambulansi, hata mlimani. Njiani kule milimani kuna vibao vyenye namba ya mahali ulipo. Isome ile namba kwanza, ndipo ueleze kilichotokea.