Muulize Fundi: Makasha Mekundu Kutoka Marekani

SWALI: Fundi, mwanangu yuko Minneapolis. Kwenye pipa alilonitumia safari hii alitia diski za filamu chungu nzima, zote kwenye makasha mekundu ya plastiki. Anasema kazipata kwa bei ya kutupa kwenye duka la mitumba. Mimi nina deki nzuri ya Blu-ray, shemeji yangu aliniletea kutoka Dubai. Nikiweka diski inazunguka, inalialia, halafu inaandika hakuna diski. Kijana wa jirani anasema lenzi imechoka, anataka elfu sitini aibadilishe. Nimpe? Na deki ya hizo diski nayo ipo pale pale dukani, mwanangu anauliza ainunue?
*Mama wa Ngamiani, Tanga*

JIBU: Shikamoo mama. Usimpe hata mia. Lenzi yako nzima na deki yako haina ugonjwa. Chukua kasha moja ulitazame ukingo wa juu: pameandikwa HD DVD, siyo Blu-ray. Makasha mekundu ni ya HD DVD, ya buluu ni ya Blu-ray, na hawa wawili hawakuwahi kusalimiana.

Kijana wa jirani simlaumu sana, huenda alikuwa bado ananyonya ugomvi huu ulipokwisha. Lakini kutaka kubadilisha lenzi kabla ya kusoma jalada, hapana.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2006 TV bapa zilikuwa zimeanza kuingia majumbani huko Japani na Marekani, na DVD ikaonekana haitoshi tena kwa vioo vikubwa. Makampuni yakagawanyika kambi mbili. Toshiba, iliyokuwa na mkono mkubwa katika DVD yenyewe, ikaja na HD DVD. Sony na wenzake wakaja na Blu-ray. Deki ya kwanza ya Toshiba iliingia sokoni Marekani Aprili kwa dola 499. Ya kwanza ya Blu-ray, ya Samsung, ikafuata Juni kwa dola 999. Makampuni ya filamu nayo yakagawanyika: ukitaka za Disney au Fox, ununue Blu-ray, ukitaka za Universal, HD DVD. Warner ikauza kotekote.

Sasa fikiria wewe ndiye mnunuzi. Unatoa dola mia tano au elfu moja, na filamu nyingi bado hutaziona kwa kuwa ziko kwa wapinzani. Watu wakakaa pembeni na DVD zao, na mimi nawasifu kwa hilo. Waliokula chumvi walikumbuka kaseti za video za Betamax za Sony zilivyozikwa na zile za VHS, na hakuna aliyetaka kuzikwa tena pamoja na deki yake. LG wakajaribu kusuluhisha mwaka 2007 kwa deki inayosoma zote mbili, lakini bei ikawa dola 1,199. Kwa fedha hizo ungenunua deki mbili za Toshiba za bei ile ya mwanzo ukabaki na chenji.

Kilichoamua, kwa maoni yangu, hakikuwa picha. Picha zilikuwa sawa, na asiyekubali aje tubishane. Kilichoamua ni mchezo wa kompyuta. Novemba 2006 Sony walitoa mashine ya michezo, PlayStation 3, yenye deki ya Blu-ray ndani yake. Vijana waliinunua kwa ajili ya mpira na magari, wakajikuta tayari wana Blu-ray sebuleni bila kuamua lolote. Upande wa pili, Microsoft waliomuunga mkono Toshiba waliuza kidude cha HD DVD cha kuchomeka kwenye mashine yao ya michezo, Xbox 360, kando, dola 199. Mtu aliyekwisha kulipia mashine haendi tena dukani kulipia kidude. Vita iliisha hapo, maiti tu ndiyo ilichelewa kuzikwa.

Toshiba wakapambana kwa bei. Novemba 2007 duka la Walmart liliuza deki yao ya HD-A2 kwa dola 98.87, zikagombaniwa. Sitashangaa kama hiyo aliyoiona mwanao ni ya siku zile. Lakini tarehe 4 Januari 2008 Warner walitangaza kwamba wanahamia Blu-ray peke yake. Februari wakafuata Netflix, waliokuwa wakikodisha diski kwa posta, maduka ya Best Buy na Walmart wenyewe, na tarehe 19 Februari Toshiba wakatangaza kuacha. Mwezi mmoja na nusu tu. Mwaka uliofuata Toshiba hao hao walikuwa wanatengeneza deki za Blu-ray!

Na niseme ukweli, aliyeshindwa alikuwa na utu kwa mnunuzi. HD DVD haikuwa na kufuli la maeneo, lile la kuzuia diski ya sehemu moja ya dunia isisome kwenye deki ya sehemu nyingine, diski ya Marekani ilisoma popote. Deki zake zote zilitoka na tundu la waya wa mtandao tangu siku ya kwanza, wakati deki za mwanzo za Blu-ray zilitolewa mbichimbichi, na wenye kuziwahi wakakuta baada ya muda hazina vitu ambavyo mpya zinavyo.

Kwa nini deki yako haizisomi? Mwanga wa kusomea ni ule ule wa zambarau kwa zote mbili. Tofauti ni kina. Kwenye Blu-ray maandishi yamelazwa milimita 0.1 tu chini ya uso wa diski. Kwenye HD DVD yako ndani, milimita 0.6, kama ilivyo kwenye DVD. Lenzi yako inatafuta juu juu, kitu kiko chini. DVD za kawaida inazisoma kwa sababu mna taa ya pili humo ndani, nyekundu, ya kazi hiyo. Kubadilisha lenzi kwa elfu sitini kungekupa lenzi mpya isiyosoma vile vile.

Ila usizigawe kwanza. Tazama makasha yaliyoandikwa HD DVD na DVD kwa pamoja. Hizo zina pande mbili: upande mmoja HD DVD, wa pili DVD ya kawaida. Maandishi yake ni madogo sana, yako kwenye duara la katikati karibu na tundu, vaa miwani. Jaribu upande mmoja, ukikataa geuza ujaribu wa pili. Ikikataa na kulalamikia eneo, ni kwa sababu DVD hiyo ni ya eneo la 1, Marekani, na deki za Dubai huwa za eneo la 2. Jaribu kwenye kideki chochote cha bei rahisi cha Kichina. Vingi havijui habari ya maeneo, vinameza kila kitu.

Deki ya HD DVD mwambie aiache. Ni ya volti 120. Ukiichomeka ukutani kwako utasikia pa, na moshi juu. Ingehitaji transfoma ya kushushia umeme. Lenzi zake hazitengenezwi tena, na diski zenyewe nyingi zimeanza kuoza kwa ndani: kwa nje inang'aa, lakini filamu inagandia katikati. Pipa lijalo atie vitu vingine.

SWALI: Vipi fundi. Niko na TV bapa ya inchi 32, naitumia na deki ya DVD kwa zile waya za rangi tatu. Kuna jamaa anauza deki ya Blu-ray mtumba, elfu nne. Nikiichukua nitaona picha kama ya sinema? Pia nina CD za filamu ishirini kwa moja zimeandikwa Blu-ray, hizo zitasoma?
*Kijana wa Likoni, Mombasa*

JIBU: Poa. Hizo za ishirini kwa moja zitasoma, hata sasa zinasoma, kwa sababu ni DVD zilizovishwa jalada la buluu. Piga hesabu: DVD ya tabaka mbili hubeba gigabaiti 8.5, ukigawa kwa filamu ishirini kila moja inapata megabaiti 425. Blu-ray halisi ya tabaka mbili ina gigabaiti 50, mara nyingi kwa filamu moja.

Waya wa njano hauwezi kubeba picha ya Blu-ray, unashusha hadi kiwango cha DVD. Lazima HDMI. Hata ukiwa nayo, TV nyingi za inchi 32 ni za nukta 1366 kwa 768, wakati Blu-ray ni 1920 kwa 1080, kwa hiyo itapunguzwa. Ukikaa kwenye kochi upande wa pili wa chumba tofauti utaiona, lakini haitakufanya uite majirani. Na wewe mwenyewe unajua filamu unazipata wapi: unapeleka flashi dukani. Elfu nne iweke, siku moja ununue kioo kikubwa.

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mimi ni mpenzi wa filamu, nina PlayStation 5 yenye tundu la diski, nimeinunua hapa hapa. Naagiza diski Marekani kwa kuwa huku maduka yamefunga sehemu hizo. Nyingine zinacheza, nyingine zinagoma. Na kweli deki zinakwisha duniani?
*Msomaji wa Ruwi, Muscat*

JIBU: Waalaykum salaam. PS5 yako haina kosa. Blu-ray ina maeneo matatu: A ni Amerika na Japani, B ni Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati, C ni China, India na Urusi. Mashine ya Oman ni B. Diski za Marekani zilizofungwa kwa A zitakugomea, na ambazo mtengenezaji hakuzifunga zitapita. Tazama nyuma ya kasha, kuna alama ndogo ya tufe yenye herufi.

Dawa yako ni diski za 4K, Blu-ray za picha kali zaidi, zile za makasha meusi. Hazina maeneo kabisa, na PS5 inazisoma. (PS4 Pro haizisomi, jambo ambalo sitawasamehe Sony.) Ila tahadhari: mara nyingi kasha la 4K linabeba diski mbili, na ile ya pili ni Blu-ray ya kawaida ambayo inaweza kuwa imefungwa. Usishtuke moja ikigoma.

Kuhusu deki, ndiyo, wanapungua. Oppo, waliopendwa na wenye masikio, waliacha 2018. Samsung wakatangaza mwaka 2019 kwamba hawaleti tena mpya Marekani. LG nao wameacha. Sony na Panasonic bado wapo. Kama una makusanyo makubwa, nunua deki ya pili ingali inapatikana, uiweke kabatini ndani ya boksi lake.

SWALI: Kaka fundi, mimi napiga video za harusi. Wateja nawapa kwenye flashi, lakini baada ya miaka miwili wanarudi wakisema flashi imekufa, nakala je? Nimeambiwa nichome kwenye Blu-ray. Ni kweli zinadumu?
*Mpiga video, Eldoret*

JIBU: Kwa kumpa mteja, hapana. Kompyuta za siku hizi hazina hata tundu la DVD, atakurudia kabla ya fungate kwisha. Endelea na flashi.

Kwa ghala lako mwenyewe, ndiyo, ila chagua. Panasonic waliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray 2023, Sony wakaacha Februari 2025, lakini wapo wengine sokoni. Ukiona herufi LTH kwenye pakiti, rudisha: hizo zimepakwa rangi ya aina ya zile za DVD, na rangi hiyo haipendi mwanga wala joto. Chukua za kawaida za gigabaiti 25. Choma taratibu, usichague kasi kubwa kwa kuwa una haraka, na ukimaliza iambie programu ihakiki. Jina la maharusi andika kwa kalamu laini karibu na tundu la katikati, usibandike karatasi ya gundi juu, itavuta diski ipinde. Upande wa chini usiusugue kwa dawa ya meno kama tulivyozoea kwenye CD. Maandishi yako karibu mno na uso.

Nakala ya pili iwe kwenye hadi diski, na usiiweke nyumba moja na hizo Blu-ray. Na kwenye makubaliano yenu na mteja andika utatunza kwa muda gani, na akirudi kutaka nakala atalipa shilingi ngapi. Wengi wenu hamuandiki hilo.