Nasimama na mimba ya miezi saba

Swali: Shangazi, shikamoo. Nina mimba ya miezi saba. Kila asubuhi napanda treni Pugu kwenda mjini Dar es Salaam, viti vimeshajaa. Nashika bomba, tumbo linabanwa na mabegi ya watu. Kwa nini wasiongeze treni?

Jibu: Marahaba mwanangu, pole sana. Reli hiyo ya zamani, iliyoanza kujengwa 1905, ni njia moja tu: treni ya kwenda na ya kurudi hupishana stesheni. Kwa hiyo kuongeza treni si rahisi; tudai mabehewa zaidi kwanza. Ila wewe usingoje. Ukiwaomba abiria wote kwa pamoja, wote watatazama dirishani. Nimeyaona hayo nikiwa na mimba zangu. Mguse bega kijana mmoja: “Kaka, nina mimba, naomba nikae.” Atainuka.