Nina wasiwasi, mbona nimepewa dawa ya sonona?

SWALI: Daktari, shikamoo. Kwa zaidi ya mwaka mwili wangu hautulii: moyo unadunda, usingizi wa mang'amung'amu, mawazo yananiandama hata pasipo na jambo. Nimeandikiwa sertralini miligramu 50. Karatasi ya ndani ya boksi inasema ni dawa ya sonona, nami sina huzuni. Leo ni siku ya tano, wasiwasi umezidi na kichefuchefu juu. Niache? Rafiki yangu hutumia diazepamu, humtuliza papo hapo.

JIBU: Marahaba. Usiache kienyeji, ila leo hii wasiliana na aliyekuandikia.

Dawa hukukosewa. Kundi la dawa hii hutibu sonona na wasiwasi sugu pia, uwe na huzuni au usiwe nayo. Huzuia seli za neva zisiifyonze upya haraka serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli hizo, ikabaki nyingi zaidi baina yao. Hilo hutokea ndani ya saa chache. Nafuu yenyewe huja baada ya wiki 2 hadi 6, kwa kuwa ubongo hujirekebisha polepole. Hapo katikati ndipo ulipo wewe. Baadhi ya wagonjwa hupatwa kwanza na wasiwasi kuzidi, kutetemeka na tumbo kuchafuka, na mwenye wasiwasi, ambaye tayari anausikiliza kila mdundo wa moyo wake, huyaona makubwa zaidi. Ndiyo maana wengi wetu huanzia miligramu 25 kwa wiki moja. Muulize daktari wako kama unaweza kushushwa hapo kwanza. Meza asubuhi, pamoja na chakula.

Diazepamu hutuliza upesi, kweli. Lakini ukiitumia kila siku, ndani ya wiki chache tu mwili huizoea, na kuikatiza ghafla kunaweza kuleta hata degedege. Daktari anaweza kukupa kwa siku chache ukivuka kipindi hiki. Vidonge vya rafiki yako mwachie mwenyewe.

Sertralini haileti uraibu wa kuitamani, ila nayo haikatizwi ghafla: unaweza kupata kizunguzungu, hasira za ovyo na hisia kama ya shoti ya umeme kichwani. Hupunguzwa kidogo kidogo, na ni baada ya kukaa ukiwa mzima kwa miezi 6 hadi 12. Jambo ambalo wagonjwa huona haya kulitaja ni hamu ya tendo la ndoa kupungua. Litaje, lina ufumbuzi.

Yakikujia mawazo ya kujidhuru (hatari hii ni kubwa zaidi kwa walio chini ya miaka 25), au ukakesha ukiwa na nguvu za ajabu na maneno hayakauki mdomoni, usisubiri miadi, nenda hospitali. Mweleze daktari pia ukitumia tramadoli, aspirini au ibuprofeni. Na kama hukupimwa homoni za tezi ya thairoidi kabla ya kuanza, omba upimwe. Ikifanya kazi kupita kiasi huleta dalili hizi hizi ulizoniandikia, na sertralini haiitibu.